Haki ya Kupita: Jirani Anapofunga Njia

Kumfungia jirani njia ni dhuluma isiyofanana na wizi. Mwizi huondoka na mali. Mfunga njia humwachia mwenzake mali yake yote, kisha akaifanya isimfae. Mtu aliyepanga banda la gari mjini Garsen, akakuta gari la jirani limeegeshwa mlangoni, bado ana ufunguo mkononi na kodi ameshalipa. Alichonyimwa ni kuingia na kutoka. Kwa kuwa hakuna kilichobebwa, aliyeegesha hujiona hana deni. Hapo ndipo swali la imani linapozuka: je, njia ya kuifikia mali ni sehemu ya haki ya mwenyewe, au ni hisani anayofanyiwa na jirani?

Katika Kaunti ya Tana River, uliko mji huo, swali hilo ni kongwe kuliko magari. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hukatiza nchi kavu, na rutuba iko kandokando yake. Wapokomo hulima huko mpunga, mahindi, ndizi na maembe, wakitegemea udongo unaoletwa na mafuriko. Waorma na Wawardei ni wafugaji: mvua zikinyesha mifugo hukaa mbali na mto, na kiangazi kikikaza huteremshwa deltani. Kati ya malisho na maji kuna mashamba, na kati ya mashamba kuna njia za mifugo ziitwazo malka.

Malka haina ukuta wala lango. Ni ukanda wa ardhi uliokanyagwa na kwato hadi ukawa vumbi tupu, ukishuka mpaka ukingoni mwa mto. Huzibwa kidogo kidogo. Msimu mmoja mistari michache ya mahindi huingia ndani yake. Msimu wa pili huwekwa ua wa miiba. Wa tatu, mchungaji anafika na kundi lenye kiu na kukuta shamba. Hakuna aliyemnyang'anya hata ndama, lakini kundi lisilofika majini litakufa.

Waorma ni Waislamu. Wapokomo wapo Waislamu na Wakristo. Dini zote mbili zimeligusa jambo hili kwa karibu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba maji, malisho na moto ni vitu vya watu wote kwa ushirika, akakataza kuzuia maji ya ziada kwa nia ya kuwanyima wengine malisho. Aliweka pia msingi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na akahesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani. Kwa mafundisho hayo, anayefunga njia hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ardhi aliyosimama juu yake ni yake.

Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 26 kinaeleza jinsi Wafilisti walivyofukia visima vilivyochimbwa na Ibrahimu, na jinsi wachungaji wa Gerari walivyogombea visima vipya vya Isaka. Isaka aliacha viwili, akasogea, akachimba cha tatu kisichogombewa na mtu. Subira yake husifiwa, na inastahili. Lakini Isaka alikuwa na pa kusogea. Mfugaji wa deltani katikati ya kiangazi hana mto wa pili. Kumhimiza asubiri, bila kumtaka aliyefunga afungue, ni kumtwika mwenye kiu gharama yote ya amani.

Hata hivyo, haki ya kupita nayo ina mipaka. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Samura bin Jundab alikuwa na mitende ndani ya bustani ya Mwansari, yaani Mwislamu mwenyeji wa Madina, na kuingia kwake kuliiudhi familia ile. Mtume alimtaka auze, akakataa, abadilishane, akakataa, atoe zawadi, akakataa. Ndipo Mtume akamwita mwenye kudhuru na kumruhusu Mwansari aing'oe. Sura ya Al-Anbiyaa katika Qur'ani, nayo, inataja hukumu ya Daudi na Suleiman juu ya kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wanaeleza kwamba Suleiman aliamua mkulima anufaike na maziwa na sufu ya kondoo hao, huku mfugaji akilihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Mkulima alilipwa hasara yake, na mfugaji hakufilisiwa.

Kutokana na hayo wanasheria wa Kiislamu walitoa kanuni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Aliyefungiwa malka hana ruhusa ya kuswaga ng'ombe juu ya mahindi, kama vile aliyezibiwa banda hana ruhusa ya kutoboa magurudumu. Tana River imeonja matokeo ya kuikiuka kanuni hiyo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa. Riketa, kijiji cha Waorma, na Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, vyote vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, siasa za uchaguzi wa 2013 zikiwamo, lakini ugomvi wa maji na malisho ulikuwa kuni zilizokwisha kukauka.

Sheria ya nchi inaelekea upande huohuo. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inahimiza jamii kumaliza migogoro ya ardhi kwa njia zao wenyewe zisizopingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, na ile ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeweka utaratibu wa kuisajili ardhi hiyo. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wa Waorma wanaweza kukubaliana malka ipite wapi na ifunguliwe lini, na fidia iwe nini mazao yakiliwa.

Jibu la swali, basi, ni kwamba njia ni sehemu ya haki. Anayemiliki ardhi, shamba au gari hapewi kwa umiliki huo mamlaka ya kuifanya mali ya jirani isiwe na faida. Anayepita naye anadaiwa kupita kwa uangalifu, kulipa anachoharibu, na kuomba kwanza: kwa mhusika mwenyewe, kisha kwa wazee au mwenye nyumba, na mwisho mahakamani.