Akiba Isiyo na Kiasi

Liko swali ambalo vijana wa madarasa ya juu hutuuliza sisi waalimu, nasi hatulijibu upesi: Je, nchi yaweza kuzidi kutajirika pasipo kumaliza miti yake, maji yake na udongo wake? Jibu jepesi, nalo lasikika sana, ni kwamba yawezekana, mradi watu wajifunze kufanya kazi kubwa kwa vitu vichache. Jibu hilo si uongo. Lakini lina upungufu, na upungufu huo ndio tutakao kuutazama.

Tuchukue makaa, maana hakuna msomaji asiyeyajua. Jiko la bati tupu hupoteza moto mwingi ubavuni. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi, wale wa Shauri Moyo miongoni mwao, walishika kutengeneza jiko la bati lililotandikwa ndani udongo wa kuchomwa. Udongo ule huzuia joto lisitoroke, na chakula kile kile huiva kwa makaa machache zaidi. Jiko hilo limeenea mpaka Uganda na Tanzania, nasi twawasifu waliolibuni.

Basi tufikiri mama mmoja wa mjini. Zamani debe la makaa lilimwishia kwa siku 4. Sasa lamtosha siku 6. Fedha iliyobaki ataifanyia nini? Pengine atapika maharage mara nyingi zaidi, maana kwanza aliyaogopa kwa jinsi yanavyokula moto. Pengine atawachemshia watoto maji ya kuoga. Pengine ataweka jiko la pili mlangoni akaange mihogo ya kuuza, na kwa faida yake mtoto apate viatu vya shule. Hayo yote ni mema. Ndiyo maendeleo yenyewe. Ila mtu aliyeko msituni, akihesabu magunia yanayotoka, huenda asione kwamba yamepungua sana.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 Mwingereza mmoja, William Stanley Jevons, aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe ya nchi yake. Watu walijifariji kwamba mitambo mipya yatumia makaa machache, na kwa hiyo machimbo yatadumu. Jevons akawaonyesha kinyume. Huko Scotland makaa ya kuyeyushia tani moja ya chuma yalikuwa yamepungua hata chini ya theluthi ya kiasi cha kwanza. Walakini kati ya 1830 na 1863 makaa yote yaliyotumiwa yaliongezeka mara 10. Chuma kilikuwa rahisi, kikatakiwa zaidi, matanuru yakazidi kujengwa. Katika Uingereza nzima uchimbaji ulipanda hata mwaka 1913, ulipofika tani milioni 287.

Mtu aweza kusema kwamba jiko si tanuru la chuma, na tumbo la watu wa nyumba moja lina mwisho wake. Ni kweli, na sehemu ya akiba ile hubaki kuwa akiba. Lakini nyumba huongezeka. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012, na milioni 5.38 katika ile ya 2022.

Je, tumwambie yule mama aache kukaanga mihogo? Hatuoni haki katika neno hilo, hasa likisemwa na mtu aliyeshiba. Kwa maoni yetu mpaka hauna budi kuwekwa, lakini uwekwe msituni, wala si jikoni kwa maskini.

Na mpaka wa namna hiyo umekwisha kujaribiwa. Tangu mwaka 2012, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, vijiji kadhaa vilipima misitu yao na kutenga sehemu tu kwa makaa. Sehemu hiyo iligawanywa vipande vya meta 50 kwa meta 50, mfano wa ubao wa drafti: kipande hiki hukatwa, jirani yake huachwa. Kilichokatwa hupumzika miaka 24, visiki vichipue. Ushuru wa makaa uliingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia madarasa na zahanati.

Tazameni sasa jinsi akiba inavyopata maana. Katika tanuru la udongo lililopangwa ovyo, kilo 10 za mti mkavu hutoa pengine kilo 1 ya makaa, pengine 2. Iliyobaki ni moshi na majivu. Mchomaji aliyepimiwa kipande chake akijifunza kupanga magogo na kutawala upepo, hupata magunia mengi kwa miti ile ile. Faida ni yake, wala msitu haulipi.

Shida iko sokoni. Gunia la kijiji chenye mpango limelipiwa ushuru. Gunia lililokatwa usiku halikulipiwa, nalo huuzwa rahisi, na mnunuzi wa mjini hawezi kuyapambanua kwa macho. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia kufikia 2034. Gesi itapunguza haja ya makaa, twatumaini. Lakini kipande cha msitu kilichokatwa 2014, kwa hesabu ile ya Kilosa, hakipaswi kuguswa kabla ya 2038, na katikati ya miaka hiyo kila jioni watu watataka kupika.