Mshipa wa Moyo na Mauti ya Ghafula

  

Katika Sura ya Al-Haqqa umetajwa mshipa uitwao watin, ambao ukikatwa mtu haishi. Na imo katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.), katika maradhi yake ya mwisho, alimwambia Bibi Aisha kwamba aliona abhari yake yakatika kwa athari ya kile chakula alichokula Khaibar. Abhari ndilo jina walitumialo matabibu wa Kiarabu hata leo kwa mshipa mkuu utokao moyoni na kushuka mpaka tumboni.

Ukuta wa mshipa huo huweza kudhoofika, hasa kwa mwanamume aliyekwisha kuwa mzee, mvuta tumbako, na mwenye shinikizo la damu. Hufura polepole miaka mingi, na mwenyewe hana khabari. Siku ukipasuka, hushikwa na maumivu makali ya tumbo au mgongo, jasho la baridi likamtoka, akaanguka. Wengi hufa kabla ya kufikishwa kwa daktari. Kwa kupasuka mshipa huo ndiko alikokufa Albert Einstein mwaka 1955.

Khabari hii yawahusu sana watu wa Pwani waendao bara kuchuma. Mtu yuko Mhunze, katika wilaya ya Kishapu, anunua pamba. Wilaya hiyo hiyo ina Mwadui, ambako almasi ziligunduliwa mwaka 1940: kilichofichwa chini ya ardhi kimejulikana, kilichofichwa tumboni mwake hakijui. Asubuhi yuko sokoni mzima, adhuhuri ni maiti. Hapo ndipo husemwa, “Amerogwa.” Katika nchi ya Shinyanga neno hilo limekwisha kuua vikongwe wengi kwa sababu ya macho mekundu tu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Muislamu aliyeitikia neno hilo matangani, hata kwa kutikisa kichwa, amejitia katika damu ya mtu asiye na kosa.

Wala kutafuta dawa si kupungukiwa na tawakali. Mshipa huo hupimwa kwa altrasaundi, bila kisu wala maumivu. Na kwa mwanamume ukifika upana wa sentimita 5 na nusu, matabibu hushauri utengenezwe kabla haujapasuka.

Liko na jambo la deni. Mfanya biashara hukopa magunia kwa neno la mdomo, daftari lake li kichwani, na mkewe yuko Tanga. Mtume (s.a.w.) hakumruhusu mwenye cha kuusia alale hata siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Na mtu mmoja alimjia akamweleza ya kuwa mamake amekufa ghafula, na lau angaliwahi kusema angalitoa sadaka. Je, amtolee yeye? Akajibiwa, ndiyo. Mtoto yule alijua moyo wa mamake. Yule wa Tanga atajuaje ni magunia mangapi, na ya nani?