UCHUNGU NI AMANA
Mawaidha juu ya mishipa ya fahamu na maradhi ya ukoma

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa tone la maji, akampa masikio na macho na moyo wa kufahamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa mwambao, tangu Moa hata Tanga, na Tongoni hata Pangani: katika Sura ya Adh-Dhaariyaat Mola wetu ametuhimiza tuzitazame alama zilizomo ndani ya nafsi zetu. Basi leo na tuitazame alama moja, nayo ni mishipa ya fahamu. Neno mshipa kwetu lina maana nyingi. Kuna mshipa wa damu, na kuna maradhi yaitwayo mshipa. Tunayoikusudia hapa ni zile nyuzi nyeupe zitokazo katika ubongo na uti wa mgongo zikaenea mwilini kote.

Ubongo wa mtu mzima, ambao uzani wake wapata ratili 3, umewekwa ndani ya fuvu kama johari ndani ya kasha. Kutoka humo washuka ugwe mmoja, mwembamba kama kidole, upitao ndani ya pingili za mgongo. Katika ubongo hutoka jozi 12 za mishipa, ziendazo machoni, masikioni, ulimini, usoni na hata moyoni. Katika ugwe wa mgongo hutoka jozi 31, ziendazo mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijra (1037), aliyaeleza katika kitabu chake cha Al-Qanun kwamba mishipa hii asili yake ni ubongo, mingine moja kwa moja, na mingine kwa njia ya uti wa mgongo.

Na kazi zake ni tatu. Iko ipelekayo habari ubongoni: hili ni moto, hili ni baridi, hili ni jiwe. Iko iletayo amri kwenye viungo: shika, acha, simama, na amri hizo huweza kwenda mwendo wa mita 100 kwa sekunde moja. Na iko ifanyayo kazi bila ya sisi kuiamrisha, ikaendesha moyo na tumbo na pumzi nasi tumelala usingizi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuamsha moyo wake usiku wa manane? Tumeamka asubuhi tumeukuta wapiga.

Mfikiri mvuvi wa Sahare avutaye ngalawa yake pwani, mara akaukanyaga mwiba wa taa. Au mkata katani aliyechomwa na ncha ya jani. Mguu au mkono huruka kabla mwenyewe hajajua limempata jambo gani. Sababu yake ni kwamba habari ya uchungu ifikapo katika ugwe wa mgongo, amri ya kujiondoa hutolewa papo hapo, na ubongo huja kupashwa habari baadaye. Sisi husema, uchungu ni mbaya, laiti usingalikuwapo. Lakini mwenye akili na amtazame yule aliyeondolewa uchungu, ndipo atakapojua thamani yake.

Huyo ndiye mgonjwa wa ukoma, ambao katika vitabu huitwa judhamu. Mwaka 1873 tabibu mmoja wa Norway, jina lake Hansen, alikiona kijidudu cha maradhi haya. Kijidudu hiki hupenda mahali penye ubaridi wa mwili, yaani ngozi na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kando ya goti, na usoni. Huzaana polepole mno, hata mtu huweza kukaa miaka 5, na pengine 20, kabla dalili hazijaonekana. Kisha mishipa hufa ganzi. Watu wengi hudhani kwamba vidole vya mgonjwa hukatika vyenyewe. Sivyo. Huinua chungu cha moto asisikie. Hutembea na mwiba unyayoni safari nzima asisikie. Jeraha likaoza, na mfupa ukaliwa kidogo kidogo. Kilichomwangamiza si uchungu, bali ni kukosa uchungu.

Na maradhi haya hayajatoka kwetu. Katika mkoa huu wa Tanga wagonjwa wapya wangali wakionekana. Wala hayatokani na uchawi, wala si laana ya wazee. Dalili yake ya kwanza ni baka katika ngozi, jeupejeupe au jekundu, lisilowasha wala lisilouma, na ukiligusa kwa pamba hulisikii. Dawa ipo. Tangu mwaka 1982 Shirika la Afya Duniani limeelekeza dawa zitolewe kwa kuchanganywa, zikanywewa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya maradhi, nazo hutolewa bila ya malipo. Aanzaye dawa, baada ya muda mfupi haambukizi mtu tena. Lakini mshipa uliokwisha kufa, dawa haiufufui. Kwa hiyo anayechelewa hupona maradhi akabaki na kilema.

Hapa yatupasa tuseme neno la dini. Imepokewa katika hadithi sahihi amri ya kumwepuka mwenye judhamu, na wapo watu waifanyao amri hiyo kuwa hoja ya kumtupa ndugu yao. Lakini wanazuoni wameieleza kuwa ni hadhari, wala si chuki. Na imepokewa pia, ijapokuwa isnadi yake imesemwa, ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshika mkono mwenye judhamu akala naye katika sahani moja. Basi ikiwa hadhari ilikuwa kwa kuchelea maambukizo, na maambukizo yamekwisha kwa dawa, kinachobaki cha kumkimbia ni nini? Vivyo hivyo wanafunzi wa fikihi wajua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii judhamu imetajwa miongoni mwa aibu zinazoruhusu kuvunja ndoa. Hukumu hiyo iliandikwa na dawa haijapatikana. Kutoa fatwa ni kazi ya makadhi, nasi hatuwatangulii. Ila twamwambia mume: mpeleke mkeo hospitali kabla hujampeleka mahakamani.

Mtume wetu amewafananisha waumini, katika kupendana na kuhurumiana, na mwili mmoja, ambao kiungo chake kimoja kikiugua, mwili mzima hukesha kwa homa. Ndugu zangu, mwili hukesha kwa nini? Kwa kuwa kuna mshipa uliopeleka habari. Basi ikiwa mtaani petu yuko mtu aliyefichwa katika chumba cha uani, hatumwoni msikitini, hatumwalika karamuni, wala usingizi wetu haupungui hata kidogo, tujue kwamba ganzi haiko katika mkono wake peke yake. Imetuingia na sisi. Yeye ana ukoma wa ngozi, na sisi tuna ukoma wa umma. Na ukoma huu wa pili hauna vidonge.

Kwa hiyo, ewe baba, jitazame ngozi yako na ngozi za wanao. Uonapo baka lisilosikia, usilifiche wala usizungushe kwa waganga; nenda zahanati mapema. Aliyeandikiwa dawa na azimalize zote. Aliyekwisha pata ganzi na atazame miguu yake kila jioni, avae viatu, asishike chungu bila ya kitambaa. Na jirani yake na amtolee salamu, ampe mkono, amfanyie nafasi katika safu.

Ee Mola wetu, usituondolee hisia za viungo vyetu, wala usituondolee huruma ya nyoyo zetu. Waponye wagonjwa wetu, na utufanye mwili mmoja usikiao. Amin.

Wabillahi tawfiki.