Kwa Kijana Atakayenyimwa Pointi

Kijana wangu, ukidumu na raketi ya tenisi, ipo siku utanyimwa pointi iliyo haki yako. Hilo halina kinga. Lililo mkononi mwako ni pointi ngapi nyingine utazigawa mwenyewe baada ya hiyo moja.

Mtazame Martina Hingis kwenye fainali ya Roland Garros ya mwaka 1999. Alikwisha kuchukua seti ya kwanza dhidi ya Steffi Graf, na ya pili anaongoza 2-0, mpira wake ukaitwa nje. Katika kiwanja cha udongo mpira huacha alama, naye akavuka kwenda upande wa Graf kuionyesha, jambo ambalo kanuni hazimruhusu mchezaji. Akakatwa pointi. Watazamaji wa Paris wakamgeukia, wakamzomea. Huenda mpira ulikuwa ndani kweli! Lakini alipofika 5-4, akianzisha yeye ili atwae kombe, alikuwa akipambana na Graf pamoja na jukwaa zima. Seti ile ikamponyoka 7-5, na ya tatu 6-2.

Ukiwa na shaka, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwendee mwamuzi raketi ikiwa chini, sema ulichokiona mara moja, sikiliza jibu, rudi. Mpinzani usimkazie macho, maana si yeye aliyeita.

Kati ya pointi na pointi una sekunde 25. Upe wavu mgongo, nyoosha nyuzi za raketi, shusha pumzi, kisha amua mpira ujao utaupeleka wapi. Hasira haiondoki kwa kuambiwa iondoke; ipe kazi.

Wala usitarajie mitambo ya kuita mistari ikuokoe. Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025, na mwaka huohuo Anastasia Pavlyuchenkova, akiwa 4-4 na pointi moja tu amalize gemu, aliona mpira wa Sonay Kartal ukitoka nje huku mtambo ukiwa kimya. Ulikuwa umezimwa kimakosa. Mwamuzi akaamuru pointi irudiwe, na gemu ikaenda kwa Kartal. Pavlyuchenkova alilalamika waziwazi kuwa ameibiwa, kisha akarudi kiwanjani, akaikomboa gemu, akashinda seti kwa tai-breki, na mechi pia. Nampenda kwa hilo: hakujifanya bubu, ila malalamiko yake aliyaacha kitini.

Mechi zako nyingi, hata hivyo, hazitakuwa na mwamuzi. Utaita mwenyewe upande wako, na kanuni ni kwamba mpira usio na uhakika nao ni wa mpinzani. Mwenzio akikudhulumu, usilipize kwa kuita nje mpira wa ndani. Mwite msimamizi wa mashindano aje asimame kandokando ya wavu. Akikosekana, piga mipira yako hatua nzima ndani ya mistari, halafu mwache atafute cha kubishia.