Ajali na Hesabu ya Tabibu

Waumini wengi, wasikiapo kwamba matabibu wa zama hizi huchukua kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa ndani ya nta, wakakikata vipande vyembamba mno, kisha wakapima ni jeni zipi zifanyazo kazi kwa nguvu na zipi zilizolala, ili wakadirie uhai wa mgonjwa kwa tiba hii au ile, hushikwa na hofu: je, huku si kuingilia ghaibu, ambayo ilimu yake i kwa Mwenyezi Mungu peke yake?

Hofu hiyo naiheshimu, maana asili yake ni adabu kwa Muumba. Lakini naona imeelekezwa pasipo pake. Tuitazame saratani ya matiti. Kipo kipimo cha Marekani kipimacho jeni 21 na kumpa mgonjwa alama baina ya 0 na 100; na mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa TAILORx, ulioandikisha wanawake zaidi ya 10,000, ambao saratani yao huchochewa na homoni na ilikuwa haijafika kwenye tezi za kwapa. Wenye alama 11 hadi 25 waligawanywa kwa kura, hawa wakapewa dawa za kuzuia homoni tu, na wale wakaongezewa kemotherapi, tiba ipukutishayo nywele, itapishayo, na pengine kuudhuru moyo. Baada ya miaka 9, katika kila kundi walikuwa hai takriban 94 kwa kila 100. Ila miongoni mwa wasiozidi umri wa miaka 50 wapo walioonekana kunufaika kidogo na nyongeza ile.

Basi hao 6 waliofariki katika kila 100, hesabu haikumjua hata mmoja wao kwa jina. Ilinena habari za jamaa nzima, na juu ya ajali ya mja mmoja ikanyamaza. Atakayesema kwamba ajali imekwisha kuandikwa, basi kuna haja gani ya kupima, nitamjibu kuwa kumtesa mgonjwa kwa dawa isiyomfaa ni dhuluma tutakayoulizwa, hata kama umri wake haukupungua kwa siku moja.

Nawasihi masheikh na mapadri waendewao na wagonjwa kwa shauri wasikikataze kipimo hiki kwa jina la kudura. Na matabibu nao, wamsomeapo mgonjwa alama yake, wamweleze waziwazi kwamba hizo ni habari za wengi waliomtangulia, wasimtajie siku zilizombakia.