Shoka la Mzee Julai 25

Katika maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu. Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Shoka huwekwa na mzee kutoka Tanzania Legion, chama cha wanajeshi wastaafu.

Wengine wote wanawaenzi mashujaa. Mzee huyu anawaaga watu. Alikula nao, alilala nao handakini, aliwaita kwa majina ya utani ambayo hayakuandikwa kwenye jiwe lolote. Ndiyo maana hatua zake chache kuelekea mnarani zina uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya sherehe ile, japo kamera humpita haraka.

Wenzake hao ni wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilikuwa na umri wa miaka 14 tu. Likapanuliwa kwa miezi michache: polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo waliotoka vijijini wakiwa wameacha jembe shambani. Wengi hawakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani. Walipita Mutukula, wakafika Masaka na Mbarara, wakapambana na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin kwenye vinamasi vya Lukaya Machi 1979, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Vita vikaisha mwanzoni mwa Juni, karibu na mpaka wa Sudan. Mamia hawakurudi wakiwa hai. Makaburi ya wengi wao yako Kaboya, wilayani Muleba, na huko ndiko maadhimisho ya kitaifa yalikofanyika mwaka 2013, siku chache baada ya askari 7 wa Tanzania kuuawa Darfur. Waliopigana 1979 walisimama siku ile wakiomboleza vijana wenye umri wa watoto wao.

Nchi inakumbuka vizuri kufunga mkanda baada ya vita: ile miezi 18 aliyoitangaza Mwalimu Nyerere, foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande. Hiyo ni kumbukumbu ya waliobaki nyumbani, na ni halali yao. Ya waliokwenda imebaki vinywani mwa wachache, na wachache hao wanapungua kila masika.

Oktoba 2024 alifariki Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Alikuwa na miaka 104, na taifa lilimzika kwa heshima za kijeshi. Alistahili kila mzinga. Lakini mgambo aliyebeba masanduku ya risasi chini ya amri yake alirudi kijijini 1979, akashika tena jembe, akazeeka. Msiba wake hautangazwi redioni. Wakiwepo wenzake wawili watatu kwenye kata, watakuja, pengine mmoja akiwa na nishani kifuani, mwingine kwa mkongojo, na saluti watakayopiga kando ya kaburi ndiyo gwaride lake lote. Wajukuu watashangaa. Baadhi yao watakuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba babu aliwahi kuwa vitani.

Mshangao huo unauma, na si kosa la mtoto. Babu hakuulizwa. Wengi wa wazee hawa hawasimulii bila kuulizwa. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe ndipo maneno hufunguka, nani alibeba nani, nani aliomba maji, nani aliachwa wapi. Ukikaa pembeni ya mazungumzo hayo unajifunza vita ambavyo hotuba haziwezi kuvieleza.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uvamizi sasa anakaribia 70. Halmashauri zinaweza kuwaorodhesha kata kwa kata, walio hai na waliokwisha kuzikwa. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kutumwa kwao na daftari. Na Julai 25 ijayo, kabla mzee hajaweka lile shoka, apewe kipaza sauti awataje wenzake, kwa majina yao ya utani akipenda.