Bibi na Mengineyo

Hivi umewahi kuandika uongo kwa mwandiko mzuri? Mimi nimewahi.

Kilikuwa kikao cha wakazi, mtaa mmoja hapa Singida mjini, chini ya mwarobaini, na upepo wetu ule unataka kuninyang'anya karatasi. Kubwa lililotuita ni kupanua njia ili gari ipite. Ukatibu nilipewa kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na sina kazi (riwaya yangu haihesabiwi). Mwenyekiti akafuata taratibu zote, mzee mzima: kufungua, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, njia, mengineyo. Bibi mmoja mjane, ambaye Kinyaturu anakiweza kuliko Kiswahili, akanyoosha mkono kwenye yatokanayo. "Bibi yangu, lako litakuja kwenye mengineyo." Basi akasubiri. Hoja ya njia ikatolewa, ikaungwa mkono, mikono juu, ikapita. Mengineyo inafika, jua limezama, watu wanakung'uta suruali. Ndipo bibi akasema njia hiyo inapita kwenye jiko lake. Akajibiwa kwamba hoja imeshapitishwa. Nami nikaandika: "Wajumbe wote waliafiki."

Je, kosa ni la utaratibu? Washikaji kijiweni walisema ndiyo, mambo ya hoja na akidi ni ya Wazungu, turudi chini ya mti wa wazee. Kweli, kitabu maarufu cha kanuni za vikao kilitolewa mwaka 1876 na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, na Bunge letu limerithi mengi ya Uingereza. Na Mwalimu Nyerere aliisifu demokrasia ya jadi, ya kuzungumza mpaka watu wakubaliane. Lakini jamani, chini ya mti ule bibi yetu angekaa wapi? Mara nyingi wanawake na vijana waliletewa uamuzi tu. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ndiyo inayosema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Tena vikao visivyo na utaratibu nimeviona: mwenye duka na sauti nene anaongea saa nzima, sisi wengine tunamenya alizeti.

Utaratibu ni kama foleni ya bombani. Unamlinda mnyonge, ila mnyonge anayejua foleni inaanzia wapi. Bibi hakujua. Mimi nilijua! Ningesema tu, "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti, huyu ana neno juu ya hoja hii." Sikusema, kwa kuwa nilikuwa naandika, na kuandika ni kisingizio kizuri sana cha kunyamaza. Ninyi wenzangu wa kalamu mnalijua hilo.

Kikao kijacho ni Jumapili. Ajenda ya pili ni kuthibitisha muhtasari. Mwenyekiti atauliza kama kuna marekebisho, huku ameshashika kalamu ya kutia saini. Neno "wote" lipo ukurasa wa pili, mstari wa tano.